Kuwahamisha vifaranga kutoka bruda la ndani hadi banda la nje

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wafugaji wenzangu wa Unguja ni hili: vifaranga watolewe nje wakiwa na wiki ngapi? Nimelea makundi mengi ya kuku wa kienyeji na chotara kijijini kwetu, Wilaya ya Kati, na nimejifunza kwamba wiki ni kipimo cha kukisia tu. Joto la mchana kwetu linatosha karibu mwaka mzima. Wanaokufa baada ya kuhamishwa huuawa zaidi na maji, upepo na hofu ya usiku wa kwanza mahali wasipopajua, na kwa sababu hiyo hatua zote ninazozieleza hapa zimejengwa juu ya mambo hayo.

Hatua ya 1: Tazama manyoya, kisha tazama majira

Kifaranga huanguliwa akiwa na malaika, yale manyoya laini ambayo yakilowa hayamfai kitu, na hawezi kulihifadhi joto la mwili wake mpaka manyoya ya kweli yafunike mgongo, kifua na shingo. Mshike mkononi umpulizie kifuani. Ikiwa ngozi inaonekana kwa wepesi, au malaika bado ni mengi kuliko manyoya, muache ndani. Chotara wangu huwa tayari baina ya wiki 4 na 5, na wa kienyeji huchukua wiki moja zaidi. Siku ya kuhama huamuliwa na wale walio nyuma katika kundi, hata kama wakubwa wao wameshaanza kuruka juu ya ukuta wa bruda, yaani kile kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga.

Baada ya manyoya ndipo uangalie majira. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari ambapo ardhi ni kavu, mimi huwatoa mara tu wanapokamilika. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, huwachelewesha hata wiki mbili, kwa kuwa mvua inayopeperushwa na upepo huingia bandani kwa ubavu. Kipupwe kina mvua chache, lakini usiku wa Julai na Agosti joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 20, na upepo wa kusi huongeza ubaridi.

Hatua ya 2: Waachishe joto wakiwa bado ndani

Katika wiki ya kwanza ya maisha yao bruda huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, nalo hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Ukifuata utaratibu huo, kufikia wiki ya tano watakuwa wamezoea joto linalokaribiana na la usiku wetu wa kawaida. Wiki moja kabla ya kuhama, zima taa au ondoa jiko la mkaa mchana kwa siku tatu, kisha liondoe na usiku. Wasikilize: wenye baridi hulia kwa sauti kali isiyokatika na kurundikana, na walioridhika hutawanyika wakalala kila mmoja mahali pake. Wakirundikana, rudisha joto usiku huo na ujaribu tena baada ya siku mbili.

Wiki hiyo usibadilishe chakula wala usichanje. Chanjo ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, iwe imeshatolewa angalau wiki moja kabla kwa ratiba ya daktari wa mifugo wa eneo lako, kwa sababu chanjo na safari zikikutana siku moja humchosha kifaranga maradufu.

Hatua ya 3: Tayarisha banda

Banda liwe na urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani kwa nguvu. Mpangilio huo una gharama yake: pande mbili ndefu hutazama kaskazini na kusini, yaani zinapokea pepo zetu zote mbili. Kwa hiyo tundika mapazia ya turubai au magunia yanayoshushwa upande wa upepo wakati wa usiku na wakati wa mvua, huku sehemu ya juu ikiachwa wazi hewa ipite. Makuti ni mazuri kuliko bati kwa vifaranga, maana hayachomi mchana, mradi yawe yameezekwa kwa kubananishwa na ukingo wake utoke nje ya ukuta vya kutosha.

Nusu mita ya chini ya ukuta izungushiwe wavu wa matundu madogo, yasiyozidi sentimita 1.25. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku asitoke, lakini panya na nyoka hupita, na ngawa au fungo huweza kumvuta kifaranga kwa ukucha kupitia tundu. Uzike wavu huo kama sentimita 30 ardhini. Ikiwa siafu hupita eneo lako, ni bora banda liinuliwe juu ya miguu, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari. Siafu wakiingia usiku hawaachi kitu.

Sakafu ipakwe chokaa, iachwe ikauke, kisha imwagwe maranda au makapi ya mpunga kwa unene wa vidole vinne. Vifaranga 10 kwa kila mita ya mraba wanatosha kwa umri huu.

Hatua ya 4: Watembeze mchana

Kwa siku nne au tano watoe nje ndani ya tenga lisilo na kitako, kwenye kivuli, kwanza kwa saa moja na baadaye kwa saa tatu. Wasitolewe kabla umande haujakauka.

Hatua ya 5: Siku ya kuhama na usiku wa kwanza

Wahamishe asubuhi. Mwaka mmoja niliwahamisha vifaranga 60 wakati wa magharibi, nikafunga mlango nikaondoka. Asubuhi nilikuta 14 wamekufa katika pembe moja, wamebanwa na wenzao, bila jeraha hata moja na banda likiwa kavu kabisa. Giza liliwaingilia kabla hawajalijua banda, kila mmoja akatafuta ubavu wa mwenzake, na wa chini wakakosa pumzi. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile sijawahi kuwahamisha jioni.

Wakifika asubuhi wanapata mchana mzima wa kujua maji yako wapi. Chukua vyombo vilevile walivyovizoea, pamoja na debe moja la maranda makavu ya bruda lao, uyamwage mahali unapotaka walale. Ziba pembe zote kwa maboksi yaliyokunjwa au kipande cha mkeka, ili ukuta wa ndani uwe wa mviringo. Jua likianza kushuka, washa taa ndogo yenye mwanga hafifu, kisha rudi saa mbili usiku, na tena saa tano, uwatawanye wowote waliorundikana kwa mkono. Fanya hivyo kwa usiku tatu mfululizo.

Hatua ya 6: Wiki mbili za mwanzo

Umri huu ndio ambao kuhara damu huwapata zaidi, na vimelea vyake hukomaa upesi katika maranda yenye unyevu na joto, yaani hali ya kawaida ya visiwa vyetu. Weka vyombo vya maji juu ya matofali, na kila asubuhi ondoa maranda yaliyolowa, uweke makavu. Kifaranga aliyejikunyata, mabawa yameshuka na kinyesi kina wekundu, mtenge saa hiyohiyo na umwite mtaalamu wa mifugo, kwa sababu ugonjwa huu huenea kundi zima kwa siku chache.

Usiwafungulie uwanja kabla ya siku saba. Siku ya nane wafungulie saa moja tu kabla ya wakati wao wa kula jioni, ili njaa iwarudishe bandani. Uwanja wao ufunikwe kwa wavu wa zamani wa kuvulia, kwa sababu kunguru wa Kihindi, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, huwanyakua wadogo mchana kweupe. Ikiwa wavu haupatikani, awepo mtu wa kuwachunga. Kwetu kazi hiyo hufanywa na watoto wakirudi skuli. Kuku wakubwa wawekwe mbali nao mpaka vifaranga wawakaribie kwa umbo.