SOMO: Kushusha na kusakinisha viraka vya IBM i bila CD, bila flashi, bila kunipigia simu saa nane usiku

Wakuu, salaam. Kila baada ya miezi michache meseji zinajaa swali lile lile: "Mkuu, PTF nazipataje, nikizipata nazifanyaje?" PTF ndilo jina la IBM la viraka, yaani marekebisho ya programu. Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia linki tu.

Hii ni kwa wenye IBM i, mfumo endeshi wa seva za IBM ambao hapa mjini bado tunauita AS/400 ingawa jina hilo ni la mwaka 1988 na limeshabadilishwa mara kadhaa. Natumia toleo 7.4 kama mfano. Kama uko 7.5, namba ya furushi kuu (mkusanyiko mkubwa wa viraka), SF99740, iwe SF99750.

Kabla ya yote, shika hili: kushusha ni kazi moja, kusakinisha ni kazi nyingine. Kushusha hakugusi chochote kinachofanya kazi, kwa hiyo fanya hata Jumanne mchana. Kusakinisha ndiko kunakohitaji kibali na usiku wa Jumamosi. Watu wanaomba mfumo uzimwe saa sita, halafu mpaka saa tisa bado wanaangalia asilimia za kushusha. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilikuwa ya kubahatisha mji mzima. Mwenye faili zake tayari ndani ya mashine hilo halikumhusu.

1. WRKPTFGRP (maneno ya herufi kubwa kama hili ni amri za kuandika kwenye skrini ya mashine). Andika pembeni viwango vya makundi ya viraka ulivyonavyo sasa.

2. WRKSYSSTS. Angalia nafasi ya diski. Furushi zima ni gigabaiti kadhaa. Ukiwa unakaribia asilimia 90, safisha kwanza.

3. WRKCNTINF, jaza mawasiliano ya kampuni. Kama mashine haijawahi kuongea na IBM, CRTSRVCFG. Mtu wa mtandao afungue mlango 443 kwenda nje.

4. Agiza. Mashine ijishushie yenyewe, kompyuta yako ya mezani haina kazi hapa:

SNDPTFORD PTFID((SF99740)) DLVRYFMT(*IMAGE) IMGCLG(VIRAKA) IMGDIR('/viraka')

Ukiagiza furushi kuu, kundi la HIPER (viraka vya matatizo makubwa, visivyosubiri) na la database yanakuja humo humo. Kumbuka hilo, tutalirudia hatua ya 7.

5. Tengeneza kisomeo cha CD cha kufikirika: CRTDEVOPT DEVD(OPTVRT01) RSRCNAME(*VRT), kisha VRYCFG kukiwasha. LODIMGCLG kupakia katalogi (ile VIRAKA ya hatua ya 4, inayoorodhesha faili ulizoshusha), halafu VFYIMGCLG IMGCLG(VIRAKA) TYPE(*PTF) SORT(*YES). Hii ya mwisho inapanga faili kwa mfuatano na kukuambia kama kuna moja haipo. Usiiruke.

6. Bekapu ya mfumo mzima. GO SAVE, chaguo la 21. Asiye na bekapu asiendelee kusoma.

7. Kusakinisha: GO PTF, chaguo la 8. Hapa taratibu, maana ndipo watu wanapoumia.

Kwanza piga DSPPTF 5770999 uone mashine imewaka upande gani (ina nakala mbili za msimbo wa ndani, A na B). Inatakiwa ioneshe ##MACH#B. Ukiwa upande A, viraka vya msimbo wa ndani vitakugomea, na utagundua hivyo ukiwa umeshamaliza muda wako wote. Kifaa andika OPTVRT01. Kwenye swali la kuwasha upya kiotomatiki weka N. Narudia, N. Ukiweka Y, mashine ikimaliza kupakia inazima na kuwaka bila kukuuliza, hata kama kuna kazi ya mishahara inakimbia nyuma. Kwenye swali la seti za diski, wengi wanabonyeza 1 kwa mazoea. Moja ni seti moja tu! Wewe una furushi kuu, HIPER na database, kwa hiyo weka 2. Aliyeweka 1 anapata furushi kuu peke yake, skrini haitoi ujumbe wowote mwekundu, anakwenda kulala, na Jumatatu mkaguzi anamuuliza HIPER iko wapi. Aina ya utekelezaji weka 1, yaani vyote visubiri IPL (mashine kuwaka upya).

8. Muda ukifika: PWRDWNSYS yenye RESTART(*YES). Hakikisha jenereta ina mafuta. Umeme ukikatika katikati ya IPL hii utajuta.

9. WRKPTFGRP tena, linganisha na namba za hatua ya 1. Kukiwa na utata, GO LICPGM, chaguo la 50, soma kumbukumbu.

Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Tegeta: Nimefanya yote mkuu lakini viwango ni vile vile. Tatizo nini?

Mwandishi: Hatua ya 8 umefanya?

Mdau wa Tegeta: Bado, bosi hajaruhusu kuzima.

Mwandishi: Basi hujafanya yote.

Mgeni wa Kariakoo: Naomba linki ya kushushia bila akaunti. Mashine tumenunua mtumba, mkataba hatuna.

Mwandishi: Hakuna. IBM wanaangalia namba ya mashine na mkataba wa matengenezo. Kuna watu watakuuzia faili kwenye flashi, mimi simo.

Dada wa Posta: Asante kwa somo. Seva yetu hairuhusiwi kabisa kwenda intaneti, sera ya usalama. Nifanyeje hatua ya 4? Na je, kuna njia ya kujua nimeachwa nyuma kiasi gani bila kulinganisha kwa macho?

Mwandishi: Maswali ya maana haya. La kwanza: ingia Fix Central, tovuti ya IBM ya viraka, kwa kompyuta yenye intaneti, agiza kwa muundo wa faili za CD, zihamishie kwenye seva kwa SFTP. Ukitumia FTP ya kawaida ya ndani, andika BINARY kabla ya PUT. Ikienda kama maandishi, faili inafika na jina lake zuri kabisa, ila haisomeki. Halafu CRTIMGCLG, na ADDIMGCLGE kwa kila faili. Ziweke moja kwa moja kwenye saraka ya katalogi, la sivyo zitanakiliwa na kula nafasi mara mbili.

La pili, endesha SQL hii: SELECT * FROM SYSTOOLS.GROUP_PTF_CURRENCY. Inalinganisha ulichonacho na kilichopo IBM. Ila nayo inahitaji intaneti, kwa hiyo kwako iendeshe kwenye mashine ya majaribio yenye toleo hilo hilo, kama mnayo.

Dada wa Posta: Tunayo. Shukrani sana.

Mdau wa Mbagala: Na sisi wa AIX?

Mwandishi: Ninyi wa AIX, ile Unix ya IBM, mna amri ya SUMA, inashusha viraka yenyewe kwa ratiba. Anza na Action=Preview uone inataka kuleta nini kabla haijamaliza bando la ofisi. Kusakinisha ni smitty update_all, na pale pia kuna swali la kukagua tu bila kusakinisha. Lijibu ndiyo mara ya kwanza.

Mdau wa Tegeta: Bosi karuhusu, nimewasha upya, imekubali. Sasa diski imejaa.

Mwandishi: Safi. DLTIMGCLG IMGCLG(VIRAKA) KEEP(*NO). Bila hiyo KEEP inafuta katalogi na kukuachia faili zote.