Namna ya Kuufuata Mto Wandle kwa Miguu Hadi Thames

Kabla hujafunga kamba za viatu, tazama ratiba ya kupwa na kujaa kwa maji ya Thames, mto mkubwa wa London. Wenzangu hapa Tooting hunicheka nikisema hivyo, maana Wandle ni mto mdogo wa kusini mwa London, kilomita 14 tu, na bahari iko mbali. Lakini mimi mtu wa Tanga. Siendi kwenye mlango wa mto bila kujua maji yamesimama wapi. Panga ufike Wandsworth, Wandle unapoishia, maji yanapoanza kujaa. Jipe muda wa saa tano au sita, pamoja na kukaa chini ule.

Mto una vichwa viwili. Cha Croydon kimefukiwa sana chini ya mji, kwa hiyo mimi huanzia Carshalton. Panda treni pale Victoria, shuka, tembea dakika chache, utaona mabwawa mbele ya kanisa. Mvua iliyonywewa na vilima vya chaki huibuka hapa ikiwa imechujwa, ndiyo maana maji ni maangavu kiasi cha kuhesabu vijiwe. Mwaka wa ukame mabwawa hupungua, usishangae.

Fuata maji kupitia Grove Park. Kwenye Wilderness Island mkono wa Croydon unajiunga. Kutoka Hackbridge hadi Morden sina mengi ya kusema: migongo ya nyumba, viwanja, madaraja. Tembea tu, ila macho yawe majini. Mdiria akipita ni mstari wa buluu, keshaondoka.

Kula chakula chako Morden Hall Park. Kuna vinu vya zamani na gurudumu la maji. Unajua vilisaga nini? Ugoro! Nilipokisoma kibao nilicheka peke yangu, nikimkumbuka bibi na kikopo chake alichokifundika kwenye ncha ya kanga.

Mbele kidogo ni Merton Abbey Mills, na hapa usiwe na haraka. Mwaka 1881 William Morris, msanii Mwingereza wa vitambaa, alihamishia karibu na hapa karakana yake, akatia vitambaa rangi kwa maji haya na kuvipiga chapa kwa vibao vya mbao. Kitambaa kimoja alikiita Wandle. Sogea karibu na gurudumu la maji la hapa. Kila ubao unazama, unasukumwa, unainuka ukichuruzika, na ule wa nyuma umeshafika. Miaka ya 1960 mto huuhuu ulihesabiwa rasmi kuwa mfereji wa maji taka, na maji yalikuja mekundu au ya buluu kufuatana na rangi iliyotumika kwenye viwanda vya ngozi. Leo samaki aina ya trauti wamerudi.

Ukipita Colliers Wood, kijito cha Graveney kinaingia. Baada ya Plough Lane kuwa macho, kwani karibu na Earlsfield njia ya kando ya mto inakatika. Mara ya kwanza niliiamini simu, nikaishia nyuma ya gereji, mbwa akinibwekea kupitia uzio. Shika Garratt Lane bila aibu mpaka King George's Park, ndipo utauona mto tena. Kisha unazama chini ya jengo la maduka la Southside. Wewe pita juu, katikati ya watu na mifuko yao; utaupata upande wa pili, penye kiwanda cha zamani cha bia.

Mwisho pita The Causeway. Ukiwahi, utakuta tope jeusi, matairi, na kitoroli cha supamaketi kilichopinduka, korongo amesimama juu yake. Kaa, mimina chai. Chagua kijiti kimoja kinachoelea ukikazie macho. Kitapunguza mwendo, kitasimama, kitajizungusha pale pale kama kimesahau kitu, halafu taratibu kitaanza kurudi kulekule ulikotoka.