Jinsi ya kuiombea njia ya waenda kwa miguu na baiskeli fedha za umma nchini Kenya

Nchini Kenya hakuna ofisi moja ambako kikundi cha wakazi kitapeleka fomu na kurudi na hundi ya kujenga njia ya waenda kwa miguu au ya baiskeli. Fedha za umma za kazi hiyo zipo, ila hupitia katika bajeti ya kaunti na katika ruzuku zinazopelekwa kwa kaunti na manispaa. Anayezitaka hana budi kuhakikisha kwamba mradi wake umeandikwa katika nyaraka za mipango kabla fedha hazijagawanywa, na kwa maoni yangu kuijua kalenda ya bajeti kuna manufaa zaidi kuliko kuwa na hoja tamu.

Anza kwa kumjua mwenye barabara. Kwa jumla, barabara za madaraja A, B na C ziko chini ya mamlaka za serikali kuu, yaani KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) na KeRRA (za vijijini), na zilizobaki ni za kaunti. Ombi likipelekwa kwa asiyehusika, litajibiwa kwa barua ya heshima na mwaka utapita. Mhandisi wa kaunti ndogo anaweza kukuambia barabara ni ya nani. Mwombe jibu hilo kwa maandishi, kwa sababu utalihitaji kila mahali. Muulize pia upana wa hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, maana njia inayotoshea ndani ya hifadhi haihitaji kununua ardhi ya mtu, na hilo peke yake hupunguza gharama na kesi.

Kisha kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maandalizi yake hutangulia kwa takribani mwaka mzima. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Wananchi wengi hujitokeza mwezi Mei, vikao vya maoni vinapotangazwa kwa vipaza sauti, ilhali wakati huo viwango vya juu vya matumizi ya kila idara vimekwisha kuwekwa na kuingiza mradi mpya ni kumnyang'anya mwingine wake. Peleka pendekezo lako Julai au mapema Agosti, na ulifungamanishe na programu iliyomo katika mpango wa miaka mitano wa kaunti, ambao kwa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Hata kama barabara yako haikutajwa humo kwa jina, hukosi kuona kifungu cha usalama barabarani au cha kuboresha miji ambacho mradi wako unaweza kuegemea.

Pendekezo lenyewe liwe na takwimu ulizokusanya mwenyewe. Kitaifa, waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani kila mwaka, lakini kamati ya bajeti itakuuliza habari za barabara yako. Chora jedwali lenye safu za watu wazima wanaotembea, watoto wa shule, waendesha baiskeli, mikokoteni na watu wenye ulemavu, na kila mstari uwe wa robo saa. Simama mahali pamoja, tuseme kwenye lango la shule, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili, katika siku ya shule na katika siku ya soko. Andika pia wangapi wanalazimika kushuka barabarani kwa sababu ukingo umezibwa na mtaro ulio wazi, bodaboda zilizoegeshwa au rundo la mchanga wa ujenzi. Takwimu hiyo ndiyo ninayoona ikiwanyamazisha wabishi.

Uandike mradi kama kitu kinachoweza kupimwa. Ukisema "kuboresha miundombinu ya usafiri usiotumia injini", mtaalamu wa mipango hana cha kukadiria. Ukisema njia ya mita 900 kutoka sokoni hadi lango la shule, yenye mita 1.8 zisizozibwa na nguzo wala vibanda, mtaro uliofunikwa, vivuko viwili vilivyoinuliwa na taa, mhandisi anaweza kukupa makadirio ya gharama, na bila makadirio mradi hauingii katika jedwali la bajeti. Omba uwe na kifungu chake wenyewe, kwa sababu njia iliyofichwa ndani ya kifungu cha barabara ndiyo hukatwa kwanza lami inapopanda bei. Wachuuzi wanaotumia ukingo huo nao waketi nanyi mapema, wapangiwe nafasi katika mchoro. La sivyo watarudi juu ya njia mpya wiki ya kwanza, na watakuwa na haki yao.

Kwa wanaoishi ndani ya manispaa, upo mlango wa pili. Mpango wa kusaidia miji unaogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, maarufu kama KUSP, hutoa Ruzuku ya Maendeleo ya Miji kwa kaunti, na katika awamu ya kwanza ilizifikia kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikiwa nje. Njia za waenda kwa miguu, taa za barabarani na mitaro ya maji ya mvua zilikuwa miongoni mwa kazi zilizostahiki. Hata hivyo, mwombaji ni manispaa yenyewe, nayo ni lazima iwe na hati ya kuitambua kuwa manispaa, bodi na mpango jumuishi wa maendeleo. Kazi yenu wakazi ni kuufikisha mradi mbele ya bodi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inawapa wakazi haki ya kushiriki katika mambo ya mji wao, kwa hiyo mwandikieni meneja wa manispaa mkiomba mkutano wa wakazi wenye ajenda hiyo.

Wa Nairobi wanayo silaha nyingine, ambayo ni sera ya kaunti ya mwaka 2015 iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembeao na waendesha baiskeli. Sera si pesa, lakini ukiweka ahadi hiyo kando ya vifungu vya makadirio ya mwaka husika, kamati italazimika kueleza tofauti iliyopo.

Maoni yapelekwe kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti, nakala kwa mwakilishi wa wadi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bajeti ikishapitishwa, fuatilieni tangazo la zabuni. Likichelewa, ombeni maelezo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayomtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Bajeti ya ziada inapoletwa katikati ya mwaka, someni tena kifungu chenu siku hiyo hiyo, maana vifungu vidogo ambavyo havijatiwa saini ya mkataba ndivyo vinavyohamishwa kimyakimya kulipa madeni.