Kupima kijito kabla ya kununua turbini

Mtu mwenye shamba kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, iwe upande wa Sironko, Bududa au Kapchorwa, akimwona fundi wa umeme humwuliza swali moja: je, kijito hiki kinaweza kuwasha nyumba ngapi? Swali ni halali, lakini limeanzia mwisho. Kijito hakijui nyumba. Kinajua mambo mawili tu, yaani maji yanashuka kimo gani na ni lita ngapi zinazopita kila sekunde, na mambo hayo mawili mwenye shamba anaweza kuyapima mwenyewe kwa mpira wa maji, ubao, na subira ya miezi kadhaa. Mwongozo huu unahusu vipimo hivyo, pamoja na hesabu fupi ya bomba na waya. Sitaeleza namna ya kuunda turbini, yaani gurudumu linalozungushwa na maji ili kuendesha jenereta, kwa sababu turbini nyingi nilizoziona zimekaa kimya hazikuwa na kasoro yoyote ya uundaji; zilinunuliwa kwa ajili ya maji yasiyokuwepo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Zidisha lita kwa sekunde na mita za kimo, kisha zidisha na 9.81, utapata wati zilizomo ndani ya maji. Hakuna mtambo unaozitoa zote: bomba hula sehemu yake, turbini hula, jenereta hula, na kwa mitambo midogo ya chini ya kilowati moja ni busara kutegemea nusu tu. Kwa hiyo wengi huzidisha na 5 badala ya 9.81, na makadirio hayo yanatosha kabisa kwa mwanzo.

Tuanze na kimo, kwa kuwa hakibadiliki na majira; ukikipima vizuri mara moja umemaliza. Kinachotakiwa ni tofauti ya wima kati ya mahali utakapoyatega maji na mahali utakapoiweka turbini, si urefu wa mteremko unaoutembea kwa miguu. Jicho hudanganya sana hapa, maana mteremko unaochosha huonekana mrefu kuliko ulivyo. Simu nayo hudanganya kwa namna yake, na mimi ni shahidi. Nilipoanza kazi hizi niliamini simu yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa. Nilisoma namba ya chini saa nne asubuhi, nikakaribishwa chai, kisha chakula, na namba ya juu nikaisoma saa kumi jioni. Simu ikanipa mita 44, nami nikamtangazia mwenyeji wangu habari njema. Kimo halisi kilikuwa mita 18. Sikujua wakati ule kwamba katika nchi za ikweta mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku kama pumzi, ukiwa juu mnamo saa nne asubuhi na chini mnamo saa kumi jioni, kwa tofauti ya hektopaskali 3 hivi (hektopaskali ndiyo kizio cha mgandamizo huo). Na katika miinuko kama ile ya Elgon, hektopaskali moja ni sawa na karibu mita 10 za kimo. Chai na chakula cha mchana vilikuwa vimeniongezea mlima.

Njia ya kuaminika ni ile ile ambayo mafundi ujenzi huitumia kusawazisha msingi: mpira mwembamba unaopitisha nuru, wa mita 10 hadi 20, uliojazwa maji bila viputo vya hewa. Viputo ndivyo adui, kwa hiyo jaza polepole, na kabla ya kuanza kazi inua ncha zote mbili pamoja uhakikishe kuwa maji yamelingana. Mtu wa kwanza anasimama mahali pa kutega maji na kuishika ncha yake ili uso wa maji ulingane na ardhi. Mtu wa pili anashuka akiwa na fito ya mita 2 iliyowekwa alama za sentimita, anaisimamisha wima, na kusoma uso wa maji katika ncha yake uko urefu gani juu ya ardhi aliyosimama. Namba hiyo ndiyo tofauti ya kimo ya hatua ya kwanza. Tia kigingi, mtu wa kwanza ashuke hadi kwenye kigingi hicho, na mwendelee hivyo hivyo hadi chini, mkiandika kila namba mara inaposomwa, si baadaye mkiwa mmekaa kivulini. Mita 18 zangu zilihitaji hatua 11. Kisha rudieni kupanda. Namba za kushuka na za kupanda zikitofautiana zaidi ya sentimita 30, kuna hatua iliyokosewa, na ni afadhali kuanza upya kuliko kutafuta wastani wa kosa.

Ukitaka uthibitisho wa pili, tandaza mpira mrefu uliojaa maji kutoka juu hadi chini, ufunge kipimo cha presha kwenye ncha ya chini, na usome maji yakiwa yametulia. Kila bar moja ni mita 10.2. Kwa mita 18 kipimo kitaonyesha takriban bar 1.76. Maji yakiwa yanatiririka namba itashuka, na haitakuambia kimo tena.

Sasa kiasi cha maji, ambapo ndipo penye kazi yenyewe.

Kwa chemchemi ndogo inayoweza kuelekezwa kwenye kipande cha bomba, jerikani ya lita 20 na saa ya simu vinatosha: ikijaa kwa sekunde 10, ni lita 2 kwa sekunde. Rudia mara tano. Kijito kikizidi hapo, jerikani haikitoshi, na watu wengi hukimbilia njia ya kitu kinachoelea. Unachagua sehemu iliyonyooka ya mita 10, unapima upana na kina mahali kadhaa, unaacha chungwa lielee na kuhesabu sekunde. Chungwa ni bora kuliko gunzi la hindi au jani, kwa sababu huzama karibu lote na upepo haulisukumi. Lakini maji ya juu huenda mbio kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, kwa hiyo kasi ya chungwa lazima ipunguzwe: zidisha na 0.8 kama mkondo ni mpana na laini, na 0.6 kama ni wenye kina kidogo na mawe mengi, kama ilivyo mingi ya milimani. Kijito cha zile mita 18 kilikuwa na upana wa mita 0.8 na kina cha wastani cha mita 0.12. Mwezi wa tano chungwa lilikwenda mita 10 kwa sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde, na baada ya kuzidisha upana, kina na kasi hiyo, kisha kupunguza kwa 0.6, ikawa mita za ujazo 0.023, yaani lita 23 kwa sekunde. Njia hii inaweza kukosea kwa robo nzima au zaidi, nami huitumia kwa kutazama tu.

Kipimo ninachokishauri ni ubao wenye pengo la V. Chukua ubao mpana, kata katikati yake pengo la pembe mraba, nyuzi 90 kamili, ncha ikitazama chini, lenye kina cha sentimita 25 na upana wa sentimita 50 juu. Kingo za pengo zichongwe ziwe nyembamba, au zipigiliwe bati, ili maji yaruke huru bila kulamba ubao. Usimamishe ubao kukatisha kijito, usawazishwe kwa pimamaji na timazi, kisha uzibe pembeni na chini kwa udongo wa mfinyanzi na magunia hadi maji yote yapite katika pengo. Nyuma yake kutatokea kidimbwi kilichotulia, na mbele maji yaanguke chini ya ncha ya pengo, yasirudi kuizamisha.

Kosa la kila anayeanza ni kupima kina cha maji pale pale kwenye pengo. Uso wa maji huinama unapokaribia kuanguka, kwa hiyo hapo utasoma kidogo kuliko ukweli. Pigilia kigingi ndani ya kidimbwi, umbali usiopungua mara nne ya kina unachotarajia, kichwa chake kikiwa sawasawa na ncha ya chini ya pengo, na upime maji yako urefu gani juu ya kichwa hicho. Sentimita 5 ni lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4. Sentimita 15 ni lita 12, na sentimita 20 ni karibu lita 25. Angalia jinsi namba zinavyoruka: kina kikipungua nusu, maji hayapungui nusu, bali hubaki chini ya sehemu moja ya tano. Ndiyo maana anayekitazama kijito kwa macho wakati wa kiangazi husema “maji yamepungua kidogo tu,” ilhali mengi yameshakwisha.

Ubao huo ukiruhusiwa kukaa, usomwe kila wiki, na masomo ambayo hayana mbadala ni ya kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kijito kile cha lita 23 za mwezi wa tano kilisomeka sentimita 10 mwezi wa pili: lita 4.4. Sababu haikuwa jua peke yake, kwani wakulima wa juu walikuwa wakichota maji ya kunyweshea kabichi na nyanya, jambo ambalo wana haki nalo. Hapa ndipo mazungumzo na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani wa juu na wa chini yanapokuwa sehemu ya fizikia. Usichukue maji yote. Acha angalau robo iendelee na njia yake, na zaidi kama kuna wanaoyategemea kati ya mtego wako na turbini. Kumbuka pia kwamba sheria ya maji ya Uganda inadai kibali kwa ujenzi wa kuzuia au kugeuza mkondo, na kwamba kingo za mito midogo zina ukanda wa mita 30 uliohifadhiwa, kwa hiyo ofisi ya wilaya itembelewe kabla ya saruji. Kama mtego unaangukia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, tafuta mahali pengine.

Hesabu ya mwezi wa tano ilikuwa ya kupendeza: lita 23, mita 18, nusu ya nguvu, karibu wati 2,000. Hesabu ya mwezi wa pili, baada ya kuacha robo, ni lita 3.3 mara 18 mara 9.81, yaani wati 583 ndani ya maji, na wati 290 hivi mikononi. Pasi moja ya umeme haiwashwi kwa hizo. Lakini wati 290 zinazofanya kazi usiku na mchana ni uniti 7 (kilowati-saa 7) kwa siku, kiasi ambacho paneli za sola za wati 100 zingehitaji kuwa kama 17 ili kukifikia, na taa, simu, redio na televisheni za nyumba kadhaa zinaenea humo bila shida. Mtambo ununuliwe kwa namba hii ndogo. Maji ya ziada ya masika yapite tu.

Namba ya tatu ni bomba, na hapa bei rahisi hugharimu. Kwa lita 3.3 kwa sekunde, bomba lenye upenyo wa ndani wa milimita 50 na urefu wa mita 120 hula takriban mita 6.6 za kimo kwa msuguano, zaidi ya theluthi ya mita 18. La milimita 75 hula kama mita 0.9. La milimita 100 hula mita 0.2 hivi, lakini bei yake haifidiwi na kile kidogo linachookoa, kwa hiyo hapa mimi ningenunua la 75. Uwe mwangalifu dukani: kipimo kilichopigwa chapa kwenye bomba la PVC kwa kawaida ni cha nje, na unene wa ukuta hutoka humo.

Waya nao una hesabu kama hiyo. Nyumba ikiwa mita 200 kutoka kwenye turbini, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 2.75. Wati 290 kwa volti 12 ni ampea 24, na ampea hizo zingehitaji volti 66 ili kuupita waya huo, jambo lisilowezekana kwa chanzo cha volti 12. Kwa volti 240 ni ampea 1.2, na kinachopotea ni volti 3 tu na kitu. Kwa hiyo mtambo wa volti ndogo ukae na betri na inveta yake (kifaa cha kuupandisha umeme hadi volti za nyumbani) karibu na maji, na umeme usafiri ukiwa umekwisha kupandishwa.

Ukiwa na kimo, lita za kiangazi, urefu wa bomba na umbali wa nyumba vimeandikwa kwenye karatasi moja, nenda nayo kwa muuzaji. Akikuonyesha turbini yenye kibao cha wati 3,000 na kukuhakikishia kuwa itazitoa kwenye kijito chako, mwombe azidishe 3.3 mara 18 mara 9.81 kwenye simu yake, akiwa mbele yako.