Trekta kuukuu linazimazima? Angalia haya kabla hujafungua injini

Kabla hata hujashika spana, kumbuka kwanza limezimaje, maana kuzima kwenyewe kunatofautiana. Likikata ghafla kama mtu kazima swichi, mara nyingi ni umeme: la petroli angalia koili na kondensa (vifaa vya kutengeneza cheche) na waya zilizolegea, la dizeli angalia ile solenoidi ya kuzimia (kifaa cha umeme kinachokata mafuta) pale kwenye injekta pampu, yaani pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye injini, kama lako linayo, mengi ya zamani hayana, yanazimwa kwa kuvuta waya tu. Likianza kupandisha na kushusha mlio alafu linafifia taratibu, hilo lina njaa ya mafuta. Moshi mweusi ukitangulia, hewa haitoshi au umelibebesha kupita kiasi, kwa hiyo anzia kwenye chujio la hewa. Andika pia lilitembea dakika ngapi na lilikuwa linalima au limesimama, fundi akija hiyo itamsaidia kuliko kukuta umeshatawanya pampu.

Sasa kuna hii inayotesa watu sana, linapiga kazi vizuri dakika 20 au 30, linazima, ukiliacha kidogo linawaka tena kama hakuna kilichotokea. Langu lilinifanyia hivo karibu wiki mbili, nikaambiwa pampu imekufa na mimi nikaanza kutafuta hela ya pampu. Siku moja limezima nikafungua mfuniko wa tanki nione mafuta yamebaki kiasi gani, nikasikia fyuuuu, hewa inaingia kwa nguvu! Kumbe katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kamezibwa, wale nyigu wanaojenga kwa tope walishaweka nyumba humo. Mafuta yanatoka lakini hewa ya kujaza nafasi haingii, mwisho pampu inavuta inashindwa. Nikazibua kwa waya mwembamba, basi. Kwa hiyo likizima tu, mfuniko kwanza, tena hapo hapo, usisubiri. La petroli dalili kama hizo zinaweza kuwa koili inayokufa ikipata joto, pima cheche injini ikiwa bado ya moto, ikipoa itakudanganya.

Andaa mapema filta mpya ya saizi yake, mpira wa mafuta kama mita mbili, klipu, washa mpya za shaba (zile ringi za kuzuia kuvuja), galoni ya dizeli safi na chupa nyeupe inayoonyesha ndani. Hiyo chupa ni muhimu kweli. Kinga mafuta ya chini kabisa ya tanki, yaache yatulie uyaangalie kwenye mwanga, maji ni mazito kuliko dizeli kwa hiyo yatakaa chini na utauona mstari wake. Ukikuta na vitu vyeusi vinateleza kama kamasi, hivyo ni vijidudu vinavyoota pale maji yanapokutana na dizeli, osha tanki kwanza, la sivyo filta mpya nayo itaziba.

Mipira ya upande wa kuvuta, yaani inayotoka tanki kwenda pampu, iangalie kwa umakini, yenyewe inaweza isidondoshe hata tone, inanyonya hewa tu, utaikuta mikavu kabisa udhani ni mizima. Ukishabadili ndo utoe hewa: legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza, uende injekta pampu, mwisho nati za noze (zinazopulizia dizeli ndani ya injini) huku mtu anapiga stata sekunde 10 hivi na kuipumzisha. Gia iwe nyutro, PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine) imetolewa, plau liko chini, matairi yamewekewa mawe. Na naomba sana, usipapase kwa kidole panapovuja kwenye noze, presha pale inapita bar 100, dizeli inatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, unaona katundu kadogo tu kumbe ni hospitali saa hiyo hiyo. Tumia kipande cha boksi.

Bado linazima? Kabla pampu haijashushwa fanya jaribio moja, la dizeli tu, petroli usithubutu. Funga ile galoni imara juu kuliko pampu, mbali na ekzosi, vuta mpira mpya mpaka kwenye pampu, alafu lifanyishe kazi kama kawaida. Likimaliza muda wake wa kuzima na bado linaunguruma, pampu yako nzima, rudi kwenye tanki na paipu zake. Likizima tena, hapo sasa pampu ishuke ikapimwe. Ila kifuniko cha galoni usikikaze, nayo lazima ipumue.