Somo: Kupanga kampeni ya kurekebisha dhamana, hatua kwa hatua

Kampeni nyingi za haki hapa Dar es Salaam huanza na fulana na bango kabla hajaulizwa mtu: hili linalotuumiza, nani ana kalamu ya kulibadilisha? Somo hili linatumia mfano wa dhamana, kwa sababu wapo watu wanaolala kwenye magereza ya Segerea na Keko kwa makosa ambayo sheria imeyawekea dhamana. Hilo linauma, na linarekebishika.

Hatua ya 1: Dai moja, mwenye kalamu mmoja

"Tunataka mageuzi ya haki jinai" hakuna ofisa anayeweza kulitekeleza kesho asubuhi. Dai la kutekelezeka ni kama hili: mshtakiwa wa kosa dogo mwenye makazi yanayojulikana aachiwe kwa bondi yake mwenyewe, yaani ahadi yake ya maandishi kwamba atarudi mahakamani. Ukisoma Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai utakuta tayari inaruhusu bondi yenye wadhamini au isiyo nao. Kwa hiyo dai hili halihitaji Bunge, linahitaji mahakimu na viongozi wa Mahakama.

Ukidai kufutwa kwa orodha ya makosa yasiyo na dhamana, hapo kalamu iko Dodoma, ukianzia Wizara ya Katiba na Sheria. Na kama kero ni barua ya mdhamini kucheleweshwa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri. Ukikosea mlango, mwaka mzima utapotea kwenye majibu ya "suala lako limepokelewa".

Hatua ya 2: Ushahidi wa mahakamani

Hapa weka nguvu zako nyingi. Chagua mahakama mbili, peleka watu wawili wawili, siku tatu kwa wiki, wiki nane. Anza kwa barua kwa hakimu mfawidhi, yaani anayeongoza mahakama hiyo, katika kila mahakama. Kesi husikilizwa hadharani, lakini msirekodi sauti wala kupiga picha bila ruhusa, na mashauri ya watoto yaacheni kabisa.

Fomu iwe ukurasa mmoja wenye safu saba: tarehe, namba ya shauri, kosa, dhamana ipo au haipo, masharti yaliyotajwa, saa mdhamini alipofika, na kilichomkwamisha. Safu ya mwisho ndiyo roho ya kampeni. Humo huandikwa mambo kama haya: mama amefika na kitambulisho cha NIDA na barua ya mtaa, ila picha yake kwenye barua haijagongwa muhuri. Anarudi Mbagala kuutafuta. Akifika tena saa tisa alasiri imepita, hakimu ameshaondoka, na kijana wake amepandishwa karandinga. Mstari mmoja wa namna hiyo, ukijirudia mara arobaini kwenye fomu zenu, unamfanya kiongozi asome mpaka mwisho.

Kosa kubwa la hesabu ni kuhesabu shauri moja kila linapokuja kwa kutajwa. Likitajwa mara tatu linaonekana matatu, na mwendesha mashtaka atawaumbua mbele ya waandishi. Hesabuni kwa namba ya shauri. Majina ya washtakiwa msiyaandike. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya hapo ni heshima ya mtu ambaye bado hajatiwa hatiani.

Takwimu za taasisi ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30.

Hatua ya 3: Mahakamani au mezani?

Tazameni kifungu cha dhamana, cha 148, cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilivyokuwa kikisomeka wakati wa mashauri haya mawili. Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, Mahakama ya Rufani ilikataa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake. Mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kidogo cha makosa yasiyo na dhamana, kisha Mahakama ya Rufani ikaurudisha msimamo wa serikali miezi michache baadaye. Ni kifungu kilekile, matokeo mawili. Ukishindwa Rufani umejifungia mlango kwa miaka mingi, hivyo usikimbilie huko na ushahidi mwembamba.

Hata ushindi una kazi yake. Shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa ndoa lilishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na Rufani mwaka 2019, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ukapita bila marekebisho. Tengeni fedha na watu wa kufuatilia hukumu tangu mnapoandika bajeti.

Hatua ya 4: Mapendekezo na ratiba

Andikeni jedwali la safu nne: kifungu kilivyo, tatizo, kifungu kinavyopendekezwa, sababu. Kurasa tano zinatosha. Yaunganisheni na ripoti ya Tume ya Rais ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhiwa mwaka 2023. Ofisa huitikia haraka jambo ambalo serikali yenyewe imeliagiza. Epukeni Aprili hadi Juni kwa mikutano na wabunge, wako kwenye bajeti.

Mkiandaa mkutano wa hadhara au maandamano, taarifa ifike polisi si chini ya saa 48 kabla. Kesi inayoendelea msiijadili jukwaani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sisi ni wasaidizi wa kisheria Mbagala. Tunaweza kufungua shauri la kikatiba kwa niaba ya mahabusu?*

Marahaba. Marekebisho ya 2020 yalimtaka mwombaji aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi, na aonyeshe kwamba njia nyingine za nafuu amezimaliza. Masharti hayo yamepingwa mahakamani tangu hapo, kwa hiyo muulizeni wakili yalivyo sasa. Msaidizi wa kisheria pia hasimami mahakamani kumwakilisha mtu. Kazi yenu ni kumpata aliyeumia na kutunza nyaraka zake, kisha mtafute wakili kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika au shirika la msaada wa kisheria.

*Je, tukienda kwenye mahakama za kimataifa zilizoko Arusha?*

Mahakama ya Afrika haipokei tena maombi mapya ya watu binafsi dhidi ya Tanzania, baada ya serikali kujiondoa kwenye tamko lake mwaka 2019. Mahakama ya Afrika Mashariki iko wazi, lakini una miezi miwili tu tangu sheria ilipotungwa au ulipoijua. Wengi hufika mwezi wa tatu.

*Karani ametutoa nje kwa sababu tuna daftari. Tufanyeje?*

Tokeni bila kubishana, kisha muoneni hakimu mfawidhi siku hiyohiyo. Ile barua ya mwanzo ipigeni nakala yenye muhuri wa mapokezi, kila jozi itembee nayo.