Seva ya imeili ya ofisi ikikwama, usifomati kwanza

Wenye biashara hapa Kisumu, tafadhali, imeili zikiacha kuingia msikubali fundi afomati seva siku hiyo hiyo. Barua za wateja nyingi bado ziko. Seva ya mtu aliyekutumia ikikosa kukupata huwa inaishikilia hiyo barua na kujaribu tena na tena, kawaida siku 4 hadi 5, ndio imrudishie mwenyewe. Kwa hivyo muda uko.

Anza na domeni (jina la ofisi yenu kwa intaneti), juu ile .co.ke ikiisha muda na hakuna aliyelipia, hata seva iwe sawa aje hakuna atakupata. Angalia pia IP (namba ya laini yenu ya intaneti): stima ikipotea na kurudi, rauta inaweza kupewa IP mpya na DNS (orodha inayoonyesha domeni iko kwa IP gani) bado inaelekeza watu kwa ile ya zamani.

Hizo zikiwa sawa ingia kwa seva uandike df -h, uone nafasi iliyobaki kwa diski. Hapa ndipo shida hujificha sana, unakuta diski imejaa 100% na kilichojaza ni bakapu za kitambo ziliwekwa humo humo ndani. Postfix (programu ya seva inayopokea na kutuma barua) ikikosa nafasi inakataa barua na kuandika 452 4.3.1 Insufficient system storage, na hiyo 4 ya mbele ni habari njema kabisa, inamwambia mtumaji ajaribu baadaye. Ingekuwa 5 angerudishiwa hapo hapo. Na kama df -h inaonyesha nafasi iko na bado inakataa, jaribu df -i, juu Maildir (mtindo wa kuhifadhi barua) huweka kila barua kama faili yake na inodi (nafasi za kuandikisha faili) zinaweza kuisha kabla giga ziishe. Hamisha bakapu na logi za zamani kwa diski ya nje. Folda za barua na /var/spool/postfix (foleni ya Postfix) usiziguse.

Sasa andika mailq, uone barua zinazongoja kutumwa, usome sababu iliyo chini ya kila barua. Ukiona maelfu zinaenda kwa watu hamuwajui, kuna mfanyakazi paswadi yake imeibiwa, ibadilishe kwanza, ufute hizo za spamu peke yake na postsuper -d, alafu ndio usukume foleni na postqueue -f. Ukisukuma kabla ya kusafisha IP yenu inaingia blaklisti, na kutoka huko ni kazi kweli.

Kama diski yenyewe iliumia stima ikikatika, usikimbilie fsck (amri ya kukarabati diski). Itoe, uinakili yote na ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kwa diski nyingine nzima, ukarabati ufanyie hiyo nakala. Ukiona folda za Dovecot (programu inayowafungulia watu barua zao) zimechanganyikiwa, tumia doveadm force-resync.

Mwisho jitumie barua kutoka Gmail huku unatazama tail -f /var/log/mail.log, alafu uijibu. Kama mlihamia IP mpya, rekebisha SPF (orodha kwa DNS ya IP zinazoruhusiwa kutuma barua zenu) na muitishe kampuni ya intaneti iwawekee PTR (rekodi inayoonyesha IP ni ya jina gani), la sivyo mtapokea vizuri lakini zenu Gmail itazikataa.